Kutoka Mombasa hadi Santiago kwa miguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu siku ya kutembea na kula njiani

Ukurasa huu ni wa watu wa Mombasa na mitaa ya jirani wanaojiandaa kutembea Njia ya Mtakatifu Yakobo, ile inayojulikana kote kama Camino, kaskazini mwa Uhispania. Wengi huogopa umbali. Lakini umbali hugawanyika kwa siku, na miguu huzoea. Kinachowaangusha watu ni kufika kijijini saa kumi alasiri wakiwa na njaa, jiko limefungwa, duka limefungwa, na kijiji kingine kiko kilomita sita mbele. Kwa hiyo tumeandika zaidi kuhusu mpangilio wa siku: kuondoka saa ngapi, kula wapi, kubeba nini.

Saa humu ni za Kiswahili. Kwenye mabano tumeweka zile utakazoziona kwenye mbao za Uhispania.

Ni lazima nitembee njia yote?

Hapana. Njia maarufu zaidi, ile ya Kifaransa, ina takriban kilomita 780 kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, hadi Santiago de Compostela. Inachukua wiki tano hivi. Watu wengi wenye kazi huanzia Sarria, mji mdogo wa Galicia, jimbo la kaskazini-magharibi mwa Uhispania, kwa sababu kutoka pale ni kama kilomita 115 na kiwango cha kupata cheti cha hujaji ni kilomita 100 kwa miguu. Siku tano za kutembea zinatosha, sita ni za starehe. Maelezo mengi ya hapa chini yanahusu kipande hicho.

Siku moja inakwendaje, tangu kuamka hadi kulala?

Jua la Galicia huchelewa. Mombasa kunapambazuka saa kumi na mbili mwaka mzima. Kule mwishoni mwa Mei jua huchomoza kama saa moja (7:00), na katikati ya Oktoba ni baada ya saa mbili na nusu (8:30). Jioni nayo ni ndefu: mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa nne usiku (22:00). Usijitese kutoka gizani ukapita alama bila kuziona.

Amka saa kumi na mbili na nusu (6:30). Shanta iwe imefungwa tangu usiku, maana kukunja mifuko ya plastiki alfajiri huwaamsha watu ishirini chumbani. Kunywa maji bilauri mbili. Kula kitu kidogo ulichonacho: ndizi, tende tano au sita, kipande cha mkate. Hii si staftahi. Ni ya kukufikisha kwenye staftahi.

Saa moja hadi saa moja na nusu uwe njiani. Tembea kilomita 5 hadi 8, kisha kaa kwenye mkahawa wa kwanza ulio wazi. Hapo ndipo pa kahawa ya maziwa, yaani café con leche, na tosti yenye mafuta ya zeituni na nyanya iliyokunwa. Vua viatu, vua soksi, acha miguu ipate hewa dakika kumi. Mhuri wa kwanza wa siku kwenye kijitabu chako cha hujaji uupate hapohapo.

Mapumziko ya pili ni saa tano hivi (11:00), na hapa ule kitu kizito kiasi: kipande cha tortilla, ambayo kule ni kimanda kinene cha mayai na viazi, au bocadillo, mkate mrefu uliojazwa kitu ndani. Ukikaribia saa saba (13:00) utakuwa unaingia kijiji cha kulala, au zimebaki kilomita chache. Mtu wa kawaida mwenye shanta hutembea kilomita 4 kwa saa ukichanganya na mapumziko, hivyo kilomita 25 ni saa sita hadi saba.

Ukifika, mpangilio ni huu na usiubadilishe: chukua kitanda, oga, fua, kula, ndipo ulale kidogo. Wanaolala kwanza huamka saa kumi na moja, nguo hazitakauka na jiko la mchana limeshafungwa. Chakula cha mchana cha Uhispania huandaliwa kati ya saa saba na nusu na saa tisa na nusu (13:30–15:30). Kikipita, mikahawa mingi hubaki na vitu baridi tu hadi usiku. Chakula cha usiku kwa wenyeji ni saa mbili na nusu (20:30) kwenda mbele. Sehemu zinazohudumia mahujaji huanza saa moja usiku (19:00). Saa nne usiku (22:00) mlango wa hosteli ya mahujaji hufungwa na taa huzimwa.

Kwa nini nisile sana asubuhi nikatembea mfululizo mpaka nifike?

Kwanza, saa kumi na mbili asubuhi hakuna jiko lililo wazi. Pili, tumbo lililojaa na shanta mgongoni kwenye mlima hupigania damu ileile, utahisi kichefuchefu. Tatu, sukari ya mwili hupungua polepole bila njaa kuonekana. Dalili za mwanzo ni hasira isiyo na sababu, kujikwaa na mikono kuwa baridi. Mtu akianza kugombana na mwenzake kilomita ya kumi na nane, mpe tende na maji kabla ya kumjibu. Kula kidogo kila baada ya saa moja na nusu au mbili, hata kama huna hamu.

Hatua za kutoka Sarria zimegawanyika vipi, na chakula kiko wapi?

Sarria hadi Portomarín ni kilomita 22. Njia hupita vijiji vingi vyenye mikahawa, kwa hiyo njaa si tatizo. Tatizo ni mteremko mkali mwishoni, kisha daraja refu juu ya mto Miño na ngazi za mawe za kuingilia mjini. Mji wa zamani ulifunikwa na maji ya bwawa miaka ya 1960, na kanisa lake likahamishwa jiwe kwa jiwe hadi juu ya kilima.

Portomarín hadi Palas de Rei ni kilomita 25, na hii ndiyo siku ya kupanga kwa makini. Kilomita 8 za mwanzo, nyingi zikiwa za kupanda, hazina mkahawa mpaka Gonzar. Anayetoka bila kitu tumboni huumia hapa. Nunua mkate, jibini na ndizi usiku uliotangulia. Baada ya Gonzar kuna Castromaior, Hospital da Cruz, Ventas de Narón na Ligonde, na kote huko utapata cha kula.

Palas de Rei hadi Arzúa ni kilomita 29, ndefu kuliko zote, milima midogo mfululizo. Ukiwa na siku sita, ikate: lala Melide, kilomita 15 tu kutoka Palas. Wanaoimaliza kwa siku moja wasidanganyike na Ribadiso, penye daraja la zamani na mto wa kutia miguu. Bado kuna mpando wa kilomita 3 hadi Arzúa.

Arzúa hadi O Pedrouzo, 19. O Pedrouzo hadi Santiago, 20. Hizi mbili ni nyepesi, kwenye misitu ya mikaratusi.

Nitapoteaje njia?

Ni vigumu. Kuna mishale ya manjano, kazi iliyoanzishwa miaka ya 1980 na padri Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro. Ndani ya Galicia kuna pia nguzo fupi za mawe zenye picha ya chaza na kilomita zilizobaki. Ukitembea nusu saa bila kuona mshale, rudi hadi ule wa mwisho uliouona.

Vyakula vyenyewe ni vipi, na menyu ya hujaji ni nini?

Tafuta ubao ulioandikwa menú del día au menú del peregrino. Kwa euro 12 hadi 16 hivi unapata sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji na kitu kitamu au matunda. Sahani ya kwanza ni supu, saladi, tambi au dengu. Ya pili ni nyama, samaki au mayai pamoja na chipsi. Saladi yao ya kawaida, ensalada mixta, huja na samaki wa kopo, yai na zeituni. Ukiongeza mkate, ni chakula kamili. Mboga zilizopikwa kama mchicha wetu ni adimu, na baada ya siku tatu tumbo huzikumbuka. Nunua machungwa, tufaha na nyanya dukani kila siku.

Wali wa nazi, ugali na pilipili uviage. Chakula cha Galicia hakina ukali. Hata pilipili ndogo za kijani za Padrón, zinazokaangwa na kunyunyiziwa chumvi, kwa kawaida haziwashi, ila mojamoja hukushtua.

Mimi ni Mwislamu, au Mkristo asiyekula nguruwe. Nitakula nini?

Utakula, lakini lazima uulize kila mara, maana nguruwe kule hutumika kama kiungo cha kutia ladha na si kitoweo peke yake. Mifano inayowanasa watu ni hii. Supu ya kienyeji, caldo gallego, huonekana ya mboga na viazi, kumbe imepikwa na mafuta ya nguruwe. Dengu, lentejas, mara nyingi huwa na vipande vya chorizo, soseji ya nguruwe. Empanada ya tuna inaweza kuwa na mafuta ya nguruwe kwenye unga wake. Chipsi huenda zimekaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia kroketi za jamón, yaani paja la nguruwe.

Maneno ya kuyakataa ni haya: cerdo, jamón, lomo, tocino, panceta, beicon, chorizo, unto, manteca. Usichanganye manteca na mantequilla: ya kwanza ni mafuta ya nguruwe, ya pili ni siagi ya maziwa, ni salama. Sentensi moja inatosha: "Sin cerdo y sin manteca, por favor." Sema pole pole, iandike pia kwenye simu uwaonyeshe.

Vitu vya kutegemea: tortilla ya viazi (hakikisha haina chorizo), mayai ya kukaanga, samaki aina ya merluza, pweza, dagaa na tuna wa kopo, tosti ya nyanya, jibini, matunda, karanga. Nyama ya halali usiitegemee vijijini. Anayeshika sharti hilo aishi kwa samaki, mayai na dengu za kujipikia, na inawezekana kabisa kwa siku tano au sita. Divai huja mezani na menyu bila kuulizwa. Sema "agua" mapema na wataleta maji badala yake kwa bei ileile.

Na ndiyo, wasio Wakatoliki wanatembea pia. Hosteli haziulizi dini. Cheti cha Compostela hutolewa kwa waliotembea kwa sababu za kidini au za kiroho. Aliyekwenda kwa sababu nyingine hupewa cheti tofauti.

Pweza wa Melide ana nini mpaka kila mtu amtaje?

Mtu wa Pwani hahitaji kubembelezwa kula pweza, lakini huyu hapikwi kama wetu. Huchemshwa mzima kwenye sufuria kubwa, na kabla ya kuachwa humo huchovywa na kutolewa mara tatu katika maji yanayochemka ili ngozi isibanduke. Akiiva hukatwa kwa mkasi vipande vya unene wa kidole, akawekwa kwenye sahani ya mti, akanyunyiziwa chumvi ya mawe, unga wa pilipili nyekundu ya moshi na mafuta ya zeituni. Hakuna nazi, hakuna ndimu, hakuna ukwaju. Huitwa pulpo a feira, na Melide, mji usio na bahari, umejijengea jina kwa huyo. Sahani moja hutosha watu wawili mkiongeza viazi vya kuchemsha, cachelos, na mkate wa kuchovya mafuta yanayobaki. Msiache yale mafuta. Ukila hapa saa sita mchana na bado una kilomita 14 hadi Arzúa, kula nusu. Mafuta mengi na mpando havipatani.

Nibebe chakula gani kutoka nyumbani?

Tende ndizo bora. Sheria za Umoja wa Ulaya huwakataza abiria kuingiza nyama na maziwa kutoka nje, na matunda na mboga nyingi huhitaji cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni matano: nanasi, nazi, ndizi, duriani na tende. Kwa hiyo embe la Kongowea libaki Kongowea, na sambusa za nyama zimalizike kabla ya kutua. Gramu 500 za tende kwa mtu hutosha safari nzima. Ongeza majani ya chai na kikopo kidogo cha masala ya chai, kwa sababu ukiagiza chai kule utapewa maji moto na mfuko mmoja, maziwa pembeni. Pilipili ya unga, vijiko vitatu kwenye mfuko unaojifunga, itaokoa dengu nyingi.

Mahamri huliwa siku ya ndege. Baada ya siku mbili hukauka, na uzito wake haukusaidii.

Maji je?

Maji ya bomba ni salama. Beba lita 1 hadi 1.5 na ujaze kila unapopata nafasi. Chemchemi za barabarani huwa na kibao: agua potable ni ya kunywa, no potable, au sin garantía sanitaria, yaache. Watu wa Mombasa huzoea kunywa kwa sababu ya jasho. Galicia kuna ubaridi, kwa hiyo kiu haiji na jasho hukauka bila kulihisi. Angalia mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa.

Beba pakiti nne za chumvi za ORS kutoka duka lolote la dawa hapa. Zikiisha, lita moja ya maji, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi hufanya kazi hiyohiyo. Usizidishe chumvi.

Maduka hufungwa lini?

Jumapili mengi hufungwa kabisa au baada ya mchana. Siku za kawaida, maduka ya vijijini hufungwa kama saa nane hadi saa kumi na moja (14:00–17:00). Jumamosi jioni nunua vya siku mbili: mkate, jibini, kopo mbili za tuna, matunda, karanga. Sikukuu kubwa nazo ni vivyo hivyo, hasa tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, na tarehe 15 Agosti.

Kama unategemea kujipikia, jua kwamba hosteli nyingi za serikali ya Galicia zina jiko zuri la umeme lakini hazina sufuria, sahani wala kijiko. Watu hununua tambi halafu wanakodoa macho. Beba kikombe cha bati na kijiko, na ununue vitu visivyohitaji moto.

Nifanye mazoezi wapi Mombasa, na kisiwa ni tambarare?

Anza wiki kumi na mbili kabla. Wiki tatu za mwanzo, kilomita 5 hadi 6 mara tatu kwa wiki. Kisha ongeza kilomita 2 au 3 kila wiki kwenye matembezi marefu ya Jumamosi, hadi ufike 20. Wiki nne za mwisho, tembea siku mbili mfululizo: 20 Jumamosi, 15 Jumapili, ukiwa na shanta yenye uzito kamili. Siku ya pili ndiyo inayokwambia ukweli kuhusu viatu vyako.

Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kufikia saa tatu jua la Pwani linakuwa adui. Mama Ngina ni pazuri kwa matembezi mafupi. Ufuo wa Nyali kwenda Bamburi maji yakiwa yamekupwa hujenga misuli ya shavu la mguu, ila mchanga huingia viatuni, na ni lazima ujue maji yatajaa saa ngapi. Kwa milima, panda matatu hadi Mazeras utembee vilima vya Rabai, palepale alipoanzisha misheni Krapf mwaka 1846. Ukipata wikendi moja, nenda Wundanyi, Taita. Wasioweza kutoka mjini watumie ngazi za jengo la orofa, nusu saa, shanta mgongoni. Na mshuke kwa miguu, msishuke kwa lifti, kwa maana magoti huumia kwenye mteremko kuliko kwenye mpando. Anayepanda tu anafanya nusu ya zoezi.

Subiri mvua ya Aprili au Mei utoke nayo na koti lako la mvua. Hutapata majaribio bora zaidi ya hayo.

Viatu gani?

Viatu vyepesi vya kukimbilia njia za vumbi vinatosha kuanzia Sarria. Mabuti mazito si lazima. Nunua vikubwa kwa nusu saizi hadi saizi moja, na uvijaribu jioni miguu ikiwa imevimba. Kidole gumba kikigusa mbele ukisimama kwenye mteremko, virudishe.

Onyo kuhusu mitumba: kiatu kinaweza kuonekana kipya na soli yake imeshaoza. Povu la soli huvunjika kwa unyevu hata kikiwa kimekaa ghalani bila kuvaliwa, na hewa ya Mombasa huliharakisha. Kunja soli kwa nguvu mara kumi. Ukiona nyufa au unga, kiache. Chochote utakachonunua, kitembelee angalau kilomita 80 kabla ya safari.

Soksi za pamba ziache nyumbani. Hunyonya jasho zikabaki mbichi, na ngozi iliyolowa ndiyo hutoka malengelenge. Tumia za sufu laini au za nailoni, jozi tatu. Champali ni za hosteli na bafuni.

Nikitoka lengelenge?

Lengelenge hutaka vitu vitatu: joto, unyevu na msuguano. Ukihisi sehemu inawaka, simama pale pale. Si kijiji kinachofuata. Kausha, bandika plasta ya kitambaa bila mikunjo, badilisha soksi. Hapo umelizuia.

Likiwa limeshajaa maji na linauma, nawa mikono, safisha kwa dawa ya iodini, pasha sindano motoni ipoe, toboa pembeni mahali pawili karibu na chini, kamua taratibu. Ngozi ya juu usiivue. Funika kwa chachi na plasta. Kuna desturi ya kupitisha uzi na kuuacha ndani. Hatuipendekezi, kwa sababu uzi huingiza vijidudu. Plasta za jeli ni nzuri kwa ngozi nyekundu ambayo haijafunguka, na huachwa mpaka zitoke zenyewe. Ukizing'oa mapema zinaondoka na ngozi. Duka la dawa kule lina msalaba wa kijani na huitwa farmacia. Wauzaji wake wameona miguu mingi ya mahujaji na ushauri wao ni wa kuaminika.

Shanta iwe na uzito gani?

Asilimia 10 ya uzito wako, maji yakiwemo kama unaweza. Mtu wa kilo 70, kilo 7. Shanta ya lita 30 hadi 36. Ndani: fulana mbili za nailoni, suruali mbili, sweta jembamba lenye joto, koti la mvua, nguo ya kulalia, mfuko mwepesi wa kulalia, taulo ndogo, sabuni moja ya kuogea na kufulia, pini kubwa nane za kutundikia soksi mbichi mgongoni, vizibo vya masikio, na adapta ya umeme, kwa sababu plagi zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya mviringo. Watu wa hapa hukosea upande wa baridi: asubuhi za Mei zinaweza kuwa nyuzi 8 au 10, na mvua ya Galicia haina msimu. Buibui na kanzu huweza kutembelewa ikiwa hazifiki chini, maana pindo likilowa matope huvuta.

Fimbo za kutembelea ziende kwenye mzigo wa chini wa ndege. Mgongo ukikataa, kuna huduma za kusafirisha mkoba hadi hosteli inayofuata kwa euro chache. Hakuna aibu kuzitumia.

Nitalala wapi, na kwa kiasi gani?

Tafuta neno albergue. Za serikali ya Galicia hutoza takriban euro 10, hazipokei nafasi za kushikiwa, hufunguliwa saa saba mchana (13:00), na hulalwa usiku mmoja tu. Saa mbili asubuhi (8:00) uwe umetoka. Za binafsi huanzia kama euro 15 na unaweza kuweka nafasi, jambo la busara Julai na Agosti. Vitanda ni vya ghorofa, wanaume na wanawake chumba kimoja, ingawa zipo za binafsi zenye vyumba vya faragha. Kabla ya kuweka shanta kitandani, inua godoro uangalie mishono: madoa meusi madogo ni dalili ya kunguni.

Kwa chakula, kitanda na vikombe vya kahawa, weka euro 40 hadi 50 kwa siku. Beba pesa taslimu kidogo kwa mikahawa ya vijijini. M-Pesa kule haifanyi kazi.

Viza?

Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisipungue siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya afya ya angalau euro 30,000 ni sharti. Kutoka Mombasa panga safari ya Nairobi, na usinunue tiketi isiyorudishiwa pesa kabla ya viza.

Nikipata homa njiani?

Hili tunaliomba mlichukulie kwa uzito. Homa, kichwa na baridi ndani ya wiki za mwanzo baada ya kuondoka Pwani huenda ikawa malaria uliyotoka nayo nyumbani. Daktari wa kijiji cha Uhispania hawezi kuikisia. Mwambie wazi: "Vengo de Kenia, puede ser malaria," na uombe upimwe damu siku hiyohiyo. Namba ya dharura ni 112.

Mihuri na cheti hupatikana vipi?

Chukua kredensiali, kijitabu cha hujaji, Sarria kabla ya kuanza. Gonga mihuri angalau miwili kila siku, mmoja ukiwa wa hosteli. Makanisa na mikahawa pia hugonga. Santiago, ofisi ya mahujaji iko Rúa das Carretas. Jisajili mtandaoni kabla ya kufika ili foleni iwe fupi. Compostela ni bure.

Mwaka Mtakatifu ni nini, na je, niende 2027?

Ni mwaka ambao tarehe 25 Julai inaangukia Jumapili. Unaofuata ni 2027, kisha 2032. Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu kwa kawaida hufunguliwa mwaka huo pekee. Neema ni kubwa na umati pia. Ukienda 2027, chagua Mei au mwisho wa Septemba, na weka nafasi za vitanda vyote mapema.

Siku ya mwisho niipange vipi?

Misa ya mahujaji ya mchana huanza saa sita (12:00), na kuna nyingine saa moja na nusu jioni (19:30). Ukitaka ya mchana kutoka O Pedrouzo, kilomita 20 zinakutaka uondoke saa kumi na moja alfajiri (5:00) ukiwa na taa ya kichwani, ule vizuri karibu na Lavacolla, nusu ya njia, kisha ushuke Monte do Gozo kilomita 5 za mwisho. Sisi tunashauri ya jioni: ondoka kwa nafasi, fika mchana, oga, kula, pumzisha miguu. Shanta haziruhusiwi ndani ya kanisa kuu, kwa hiyo iache hosteli kwanza. Chetezo kikubwa, botafumeiro, chenye kilo 53, hakirushwi kila misa.

Baadaye tafuta tarta de Santiago, keki ya lozi, mayai na sukari isiyo na unga wa ngano, yenye msalaba wa sukari nyeupe juu. Baadhi huongezwa pombe kidogo, uliza "¿lleva alcohol?" kabla ya kukatiwa. Ikiwa unataka kuileta Mombasa, nunua iliyofungwa kwenye boksi na uiweke kwenye mkoba wa mkononi.